Hasira ya Porthos niliyoikosa ndani ya matatu

Niliwahi kuandika kwamba Porthos, mmoja wa walinzi wa mfalme katika tamthilia The Musketeers, ana hasira za bure. Niliandika hivyo bila kupepesa macho, nikawatumia watu, nikangoja sifa. Sehemu yenyewe ya tamthilia nilikuwa nimeitazama kwenye simu, ndani ya matatu ya Donholm saa kumi na mbili jioni, Jogoo Road imeganda, spika kubwa iko chini ya kiti changu, na waya wa masikioni umekufa upande mmoja. Karibu na City Stadium makanga akanigusa bega akitaka nauli. Nikainua kichwa, nikapapasa mfuko, nikahesabu sarafu. Niliporudisha macho kwenye simu, Porthos alikuwa ameshafura. Nikajiambia, huyu naye ana shida.

Aliyenirekebisha ni kinyozi wangu. Alinifunga kitambaa shingoni, akawasha mashine, kisha akasema: "Mkubwa, ile kitu uliandika niliisoma. Kwani hukuona mchoro wa meli?"

Sikuwa nimeona mchoro wowote. Yeye, ambaye jicho moja huwa kwenye runinga ya ukutani na lingine kwenye kichwa cha mteja, aliuona.

Tamthilia tunayoizungumzia ni The Musketeers ya BBC, iliyorushwa kati ya 2014 na 2016, misimu mitatu ya sehemu kumi kumi. Sehemu niliyoiharibu ni ya tatu katika msimu wa kwanza, inaitwa Commodities. Tuko Paris, mwaka 1630. Walinzi wa Mfalme Louis XIII, yaani Porthos na wenzake Athos, Aramis na d'Artagnan, wanatumwa kumleta mfanyabiashara mmoja, Bonnaire, mtu wa maneno matamu, wa kukuchekesha huku mkono wake uko mfukoni mwako. Njiani Porthos anajeruhiwa. Halafu unakuja ule mchoro: meli iliyochorwa kwa juu, na ndani yake watu wamelazwa bega kwa bega kama kuni dukani. Bonnaire anauza watu. Na mamake Porthos aliwahi kuwa mtumwa.

Mimi nilikuwa nahesabu sarafu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayetaka kuhakiki sehemu moja ya tamthilia ya panga na farasi ni huu: itazame mara mbili, na mara zote mbili uwe umekaa. Mara ya kwanza tazama kama mtu aliyelipa kiingilio. Usishike kalamu, usisimamishe, cheka panapochekesha. Mara ya pili ndiyo ya kazi. Hapo simamisha, rudisha nyuma, andika dakika na unachokiona. Kama bando halitoshi au stima imepotea, ngoja kesho. Hakuna anayekufukuza.

La pili, acha kusimulia muvi. Uhakiki wangu ule ulikuwa na aya saba, na sita kati ya hizo zilikuwa "kisha Athos akaenda, kisha d'Artagnan akaja." Kusimulia muvi ni kipaji cha watu wengine. DJ Afro akiishika muvi, hata aliyeitazama mara tano anakaa chini aitazame tena. Wewe na mimi si DJ Afro. Mtajie msomaji mahali, wakati na tatizo lililopo, sentensi tatu au nne, kisha ingia kwenye jambo lililokufanya utake kuandika.

Jambo hilo ni lipi? Hapa ndipo wengi tunapokwama, kwa sababu tamthilia za aina hii zina kelele nyingi nzuri: vumbi, kofia zenye manyoya, watu wanaruka madirisha. Tangu tukiwa watoto kwenye vibanda vya video tunajua kanuni moja: staringi hafi. Ukiwa kwenye sehemu ya tatu kati ya kumi, unajua kabisa Athos, Aramis, Porthos na d'Artagnan watafika mwisho wakiwa hai. Basi kama hofu ya kifo haipo, mwandishi wa tamthilia amekushikilia kwa kitu gani? Jiulize swali hilo na utapata la kuandika. Katika sehemu hii jibu langu lilikuwa kwamba Porthos ameamriwa kumlinda kwa upanga wake mtu ambaye angetamani kumwona chini. Vita vya nje vinaisha kwa dakika chache, lakini vile vya ndani vinabaki naye hadi mwisho.

Nimejifunza pia kuzima sauti kwenye pambano. Jaribu. Muziki ukiondoka, utaona kama waigizaji wanajua kupigana au kamera ndiyo inayowapigania. Angalia miguu. Mtu anayejua upanga husogea kwa nyayo zake kabla mkono haujaenda. Angalia kama picha inakatwa kila sekunde ili usione kitu, au wanakuacha uone pigo likianza na likifika. Halafu jiulize pambano limebadilisha nini. Kama ungelikata lote na hadithi ikaendelea vilevile, andika hivyo, hata kama lilikuwa tamu. Kwangu mimi, tukio lililobeba uzito kuliko panga zote za sehemu hii ni Aramis akimshona Porthos kidonda. Sindano, uzi, mtu anakunja uso, mwenzake anatania. Urafiki wao ulioelezwa kwa maneno mengi kwenye sehemu zilizotangulia unaonekana pale kwenye uzi.

Kuhusu historia, usiwe mwalimu mkali wala usiwe mjinga. Kikosi cha walinzi hao kweli kilikuwepo, kiliundwa na Louis XIII mwaka 1622, na Kardinali Richelieu alikuwa waziri mkuu wa mfalme kuanzia 1624. Hayo yako sawa. Mavazi ni hadithi nyingine. Walinzi halisi walivaa joho la buluu lenye msalaba. Hawa wa runingani wamevaa ngozi kuanzia shingoni hadi magotini, utadhani ni waendesha bodaboda wa Kitengela siku ya baridi. Bunduki za wakati ule zilishindiliwa kupitia mdomo wa mtutu, risasi moja kisha uanze upya, lakini kwenye tamthilia watu hufyatua na kusonga. Mimi hayo nayasamehe, kwa sababu hayabadilishi maana. Mchoro wa meli ndio ulionisumbua kidogo, maana picha maarufu ya aina hiyo, ile ya meli Brookes, ilichapishwa Uingereza mwaka 1788 na watu waliokuwa wakipinga biashara ya utumwa. Bonnaire anatembea na mchoro unaofanana na kitu cha miaka zaidi ya 150 mbele. Hata hivyo, ukiuondoa, tukio zima linaanguka. Niliandika kwamba ni kosa ninalolipenda.

Kuna ambao wangekwambia kumweka mtu mwenye asili ya Afrika, kama Porthos wa tamthilia hii, kati ya walinzi wa mfalme ni kulazimisha mambo. Kabla hujarudia maneno hayo, mkumbuke Alexandre Dumas, aliyeandika mwaka 1844 riwaya iliyozaa tamthilia hii. Bibi yake mzaa baba, Marie-Cessette Dumas, alikuwa mtumwa katika koloni la Ufaransa ambalo leo tunaliita Haiti. Babake Dumas alizaliwa huko mwaka 1762, akaja kuwa jenerali katika jeshi la Ufaransa, na jina Dumas alilichukua kwa mama huyo. Nilipolijua hilo nilirudi kumtazama Porthos mara ya tatu, nikaona aibu upya kwa ile aya yangu ya hasira za bure.

Na kama unaandikia watu wa hapa kwetu, usiogope kuileta hadithi karibu. Wakati walinzi hawa wanaruka madirisha Paris mwaka 1630, Mombasa ilikuwa na muvi yake. Yusuf bin Hassan, mwana wa sultani aliyelelewa na Wareno kule Goa, India, na kubatizwa jina Jerónimo, aliiteka Ngome ya Yesu mwezi wa Agosti 1631 na kumuua kapteni wao. Wareno walikuja kuizingira mwaka uliofuata wakashindwa. Yusuf hakubaki ngomeni. Alipanda meli akawa haramia baharini. Nipe mwandishi na bajeti ya ngozi ile tu! Sentensi mbili za namna hiyo zinamfanya msomaji wa Kayole aone mwaka 1630 si nchi ya watu wengine. Zikifika sita, umeacha kuhakiki na umeanza somo la historia.

Kufichua mwisho bado kunanishinda. Siku hizi rasimu yangu huwa naipeleka kwa kinyozi kabla ya mtu mwingine yeyote. Niliporudia kuandika kuhusu Commodities, aliisoma amesimama, mashine mkononi bado inanguruma, mteja mwingine akisubiri kichwa nusu kimenyolewa. Alinyamaza kwenye sehemu ya mchoro. Alicheka kwenye bodaboda. Kisha kidole kikasimama aya ya mwisho, pale nilipoeleza walichomfanyia Bonnaire.

"Hapa umewamalizia watu, mkubwa."

Nikaifuta aya yote nikiwa hapohapo kitini.