Bomba nene, au bomba lenye ukuta mnene?

Swali: Natafsiri maelezo ya mafunzo kwa mafundi wa kuchomelea, kuhusu mabomba ya gesi yanayolazwa baharini. Niliandika: "Kukokotoa unene wa mabomba manene ya chuma ya chini ya bahari." Mhariri amefuta "unene" akaweka "upana". Nani yuko sahihi?

Jibu: Upana hapana. Upana ni wa barabara, mto, kitambaa, mlango. Bomba ni mviringo. Lakini mhariri wako hakukosea kuhisi kwamba sentensi ina kasoro, na kasoro yenyewe iko kwenye neno -nene.

Tunaposema mtu mnene, mti mnene au kamba nene, tunapima kiwiliwili chote: mkono utakizunguka ufike wapi. Tunaposema blanketi nene, ubao mnene au chapati nene, tunapima kutoka uso huu hadi uso wa pili. Bomba lina vipimo vyote viwili, na hapo ndipo msomaji anapopotea. Akisikia "bomba nene" ataona lile kubwa la kupeleka maji mjini, hata kama chuma chake ni chembamba kama debe. Wewe unamaanisha chuma chenyewe kilivyoshiba, hata kama bomba zima linatosha kushikwa kwa kiganja.

Dukani kwa vifaa vya ujenzi jambo hili limekwisha kutatuliwa. Muuzaji ataanza: "La inchi ngapi?" Kisha: "Jepesi au zito?" Swali la kwanza ni la kipenyo, la pili ni la ukuta. Chukua kipande kilichokatwa ukitazame mdomoni: ule mduara wa chuma unaozunguka tundu, kutoka ukingo wa nje hadi wa ndani, ndio unene wa ukuta. Andika hivyo kila mara, usiukate ukabaki "unene wa bomba". Neno "geji" liache kwenye mabati, maana huko namba ikipanda bati linapungua: geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. Lipo pia "maki", neno zuri la zamani kwa unene wa nguo au ubao, ila fundi kijana huenda asilijue.

Upatanisho nao uangalie: ukuta mnene, kuta nene, bomba nene, mabomba manene. "Ukuta nene" ni kosa.

Nasisitiza kwa sababu hesabu yenyewe inavitumia vipimo vyote viwili kwa pamoja. Kanuni rahisi ya Barlow ya kutafuta unene wa ukuta inasema: zidisha shinikizo la ndani kwa kipenyo cha nje, kisha gawanya kwa mara mbili ya mkazo unaoruhusiwa wa chuma, yaani nguvu ambayo kila kipande cha eneo la chuma kinaruhusiwa kubeba. Bomba liitwalo la inchi 12 lina kipenyo cha nje cha milimita 323.9. Shinikizo likiwa megapaskali 10 (kizio cha shinikizo na cha mkazo pia) na mkazo unaoruhusiwa megapaskali 200, unapata milimita 8.1, kabla hujaongeza akiba ya kuliwa na kutu. Sasa mwambie mwanafunzi "unene wa bomba": ataandika 323.9 au 8.1?

Na "ukuta mnene" si sifa ya kukisia kwa macho. Kipenyo cha nje kikigawanywa kwa unene wa ukuta, jibu likashuka chini ya 20 hivi, mkazo hauchukuliwi tena kuwa umeenea sawasawa ndani ya chuma. Upande wa ndani ndio hubeba zaidi, na wahandisi huhamia kwenye milinganyo ya Mfaransa Gabriel Lamé. Mabomba ya gesi ya Blue Stream, yanayotoka Urusi hadi Uturuki kupitia Bahari Nyeusi, yana kipenyo cha milimita 609.6 na ukuta wa milimita 31.8 huko kilindini. Gawanya: 19 na ushei.

Huko kina kinafika kama mita 2,150. Kila mita 10 za maji huongeza shinikizo la takriban bar 1 (megapaskali 0.1), kwa hiyo bomba linabanwa na bar 215 hivi kutoka nje. Tofautisha vitenzi hapa: shinikizo la ndani likizidi, bomba hupasuka, la nje likizidi, hubonyea. Kanuni ya Barlow hapo juu inahusu kupasuka tu. Kubonyea kuna hesabu yake, na kwenye kina kikubwa mara nyingi ndiyo inayoamua unene wa ukuta.

"Chini ya bahari" nayo inaweza kueleweka kama handaki lililochimbwa. Ikiwa bomba limelala, sema "kwenye sakafu ya bahari". Ikiwa limefunikwa, sema "limefukiwa".

Ningeandika hivi: "Kukokotoa unene wa ukuta kwa mabomba ya chuma yenye kuta nene, yanayolazwa kwenye sakafu ya bahari." Neno la mhariri litunze. Ukifika kwenye mtaro wa kufukia bomba karibu na ufuko, huo una upana, na una kina.