Tembo wa Tabora, 1916

SWALI: Ndugu mhariri, babu alituachia sarafu ya manjano yenye tembo mbele ya mlima, mwaka 1916. Sonara anasema ni sarafu ya kumbukumbu tu, anataka kuinunua kwa gramu. Ni kweli? Nitajuaje kama ni dhahabu?
Msomaji, Singida

JIBU: Si ya kumbukumbu, ndugu. Hiyo ni pesa ya dharura ya vita, rupia 15. Manowari za Waingereza zilikuwa zimeziba pwani, fedha hazifiki tena kutoka Ujerumani. Wajerumani wakaanza kupiga sarafu katika karakana ya reli Tabora, kwa dhahabu ya Sekenke, mkoani kwako. Zilitoka 16,000 hivi, na Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakauteka mji. Herufi T chini ya tembo ni ya Tabora.

Mlima ni Kilimanjaro, ambao kilele chake Wajerumani walikiita kwa jina la Kaisari Wilhelm. Leo ni Uhuru. Ukigeuza sarafu unamkuta tai wa Kaisari. Ni picha nzuri mno, lakini ilichorwa kusema nchi hii ni yao, nayo ilikuwa tayari inawaponyoka.

Sasa ipime. Ya kweli ina upana wa milimita 22 na nusu, uzito gramu 7.17 hivi, na dhahabu yake ni karati 18. Shaba iliyopakwa rangi, kwa ukubwa huo huo, hufika gramu 4 tu. Wajanja huiongeza unene ifikie uzito, kwa hiyo tumia maji: weka kikombe cha maji juu ya mizani ya kidijitali inayosoma sehemu za mia za gramu, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi izame yote bila kugusa kikombe. Dhahabu hiyo itasoma 0.46 hadi 0.48, shaba ya uzito huo huo, 0.80 hadi 0.84. Ukiona mapovu yameng'ang'ania sarafu, yatikise yatoke, maana huongeza namba.

Maji yanapima madini tu. Ukingo wenye mshono, au vitundu kama vya chunusi kuzunguka tembo, ni dalili ya sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu.

Usiisugue kwa majivu wala dawa ya meno, wala usikubali ichomelewe kishikizo cha mkufu. Na usiiuze kwa gramu: wakusanyaji huilipia zaidi ya dhahabu yake.