Zenoni ya 8000K kwa safari za usiku Mtwara–Lindi

Kaka, umeuliza kuhusu kufunga balbu za zenoni kwenye taa za mbele za gari: hiyo 8000K ya bluu achana nayo (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga; ikipanda sana mwanga unakuwa wa bluu). Inapendeza gari likiwa limepaki. Mvua ikikukuta Mingoyo usiku huoni lami. Chukua 4300K, wati 35, inatosha kabisa. Ila kwanza chungulia ndani ya taa: kuna lenzi ya duara, ile projekta? Kama hakuna, ni taa ya halojeni ya kawaida, zenoni itatawanya mwanga na dereva wa lori la korosho atakupiga fulu mpaka ukome. Hapo bora balbu nzuri ya halojeni na kung'arisha vioo vya taa vilivyofubaa. Ukifunga, balasti (kile kiboksi kinachoipa balbu umeme) ikae juu, mbali na maji. Na waya zake usizishike taa ikiwashwa, balbu inapoanza kuwaka zinapitisha volti zaidi ya 20,000.