Muulize Fundi: Mkuku wa boti ya faiba unaliwa na mchanga

SWALI: Habari za kazi fundi. Niko Kibirizi hapa Kigoma, nina boti ya faiba tunavulia dagaa, kila asubuhi tunaivuta mchangani na sasa mkuku, ule uti wa chini ya boti, umelika mpaka nyuzi zinaonekana. Jamaa mmoja ananambia nichanganye rezini, ile gundi ya maji ya faiba, na vumbi la mbao nipake nene, mwingine anasema niweke mchanga. Nimsikilize nani?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Vumbi la mbao achana nalo kabisa hapo chini, linanyonya maji na kwenye msuguano linachunika fasta. Wa mchanga kidogo kasogea, maana unga mgumu ndo unaozuia kulika, ila rezini na unga bila nyuzi inakua ngumu halafu ukigonga jiwe inapasuka.

Nguvu ya boti iko kwenye nyuzi za glasi, sasa shida ni kwamba kwa kipimo cha ugumu cha Mohs glasi ni kama 5.5 hivi na mchanga wa kwatzi ni 7, kwahiyo kila ukivuta boti mchanga unaikwangua glasi, lazima. Alumina, ule unga wa kutengenezea msasa, ni 9, huo mchanga hauuwezi. Na ukiongeza grafaiti kidogo, ule unga mweusi kama wa kwenye penseli, yenyewe ni laini lakini inateleza, boti inavutika kirahisi na msuguano unapungua. Ndo maana nakwambia usitafute unga mmoja wa kumaliza kila kitu, vichanganye.

Kausha boti siku kadhaa, piga msasa mpaka ukute faiba nzima, toa vumbi lote. Tumia rezini ya epoksi, inashika kwenye faiba ya zamani kuliko ile ya poliesta. Laza kwanza matabaka mawili matatu ya kitambaa cha glasi, halafu kabla haijakauka kabisa paka tabaka la juu lenye alumina na grafaiti. Pima rezini na hadina, ile dawa ya kuigandisha, kama kopo linavyosema, koroga vizuri, ndo uweke unga, tena kidogo kidogo, ukijaza mpaka ikawa kama ugali mkavu hewa inabaki ndani na hapo umeidhoofisha mwenyewe.

Jaribu kwanza kwenye kipande cha faiba kibovu, kikishakauka kikwangue na mchanga huohuo wa hapo Kibirizi. Na barakoa usiache, vumbi la glasi kifuani ni baya sana.