Kipa Apashe Mwili Aje Kabla ya Mechi? Maswali Yenu ya Mwezi Huu

SWALI: Habari ya kazi kocha. Msichana wangu yuko Form Two na mwaka huu wamemuweka kipa wa timu ya hoki ya shule. Nilienda kuwaona wakicheza, kabla ya mechi wakamvalisha zile padi zote wakamsimamisha golini, alafu wenzake wote wakaanza kumpigia mipira kila mtu na wake, hakuna kungojana, nikaambiwa hiyo ndio kupasha mwili. Mechi kuanza tu, kabla hata dakika tano ziishe alikuwa ameshafungwa mbili, na jioni mkono ulikuwa umevimba. Niongee na mwalimu ama nitaonekana najifanya mjuaji? – Mama wa kipa, Kondele

JIBU: Mama, ongea naye, tena usikawie. Ongea kwa heshima juu walimu wengi wa michezo huko shuleni wanafanya hii kazi juu ya masomo mengine na hakuna mtu aliwahi kuwaonyesha mambo ya kipa, lakini ulichoona sio kupasha mwili, hayo ni mazoezi ya mafowadi na mtoto wako ndio amegeuzwa ukuta.

Mpira wa hoki una gramu 156 hadi 163 na ni mgumu. Mtoto akipigiwa mipira mitano kwa wakati mmoja macho hayawezi fuata hata mmoja, sasa anachofanya ni kufunga macho na kugeuza uso, na akishazoea kugeuza uso saa tisa kasoro, mechi ikianza saa tisa ataugeuza tu. Hapo ndio yale mabao ya mapema hutoka. Shuti za kabla ya mechi kazi yake ni moja, kumpa kipa macho ya siku hiyo, yaani aone mpira unakuja na kasi gani kwa hiyo nyasi, alafu miguu na mikono izoee kuukuta. Sio za kumpima kama ni jasiri.

Aanze kama dakika arobaini kabla, na aanze bila padi. Hapa ndio wengi hukosea, wanamvalisha kwanza. Akimbie polepole pembeni mwa uwanja, arudi kinyumenyume, alafu aende kiupandeupande sana kuliko kwenda mbele, kwa sababu kipa hakimbii mita hamsini, kazi yake ni hatua fupi za kando na kuanguka na kuinuka. Magoti juu, visigino vigonge matako, ashike bega la mwenzake abembeze mguu mbele na nyuma kisha kushoto na kulia, apige hatua ndefu za kuchuchumaa huku anageuza kiuno. Dakika kumi hivi, mpaka jasho jembamba litoke. Ile ya kukaa chini kushika vidole vya miguu na kuhesabu mpaka sitini aiweke baada ya mechi. Msuli ukivutwa na kushikiliwa zaidi ya dakika moja hupungukiwa na nguvu ya kuruka kwa muda, na kipa anaihitaji hiyo nguvu saa ile ile.

Alafu macho. Hii sehemu naipenda kuliko zote na haigharimu kitu. Atafute mpira wa tenisi na ukuta wowote, hata wa darasa, arushe na mkono wa kulia adake na wa kushoto, abadilishe, asogee karibu na ukuta, mwishowe atumie mipira miwili. Kama hakuna tenisi hata ule mpira wetu wa makaratasi na kamba unatosha kurushiana na mwenzake. Mwambie aangalie mpira mpaka uingie kiganjani, asiangalie mkono. Dakika tano, sita hivi.

Hapo sasa avae padi, na akishavaa asipigwe shuti bado! Mwili umekuwa mzito na mpana ghafla, lazima auzoee. Atembee haraka kutoka mwimo mmoja wa goli hadi mwingine akiugusa kwa stiki bila kuangalia nyuma, lango la hoki lina upana wa mita 3.66 na lazima alijue bila kugeuka, kisha alale upande mmoja na kuinuka, upande mwingine na kuinuka, mara chache tu.

Ndio shuti zije. Mpigaji mmoja, mpira mmoja, na asipige mpaka kipa awe amesimama sawa na kunyanyua kichwa. Ya kwanza isukumwe tu polepole kutoka ukingoni mwa D, ile nusu duara iliyochorwa mbele ya goli, iende moja kwa moja kwa viatu, alafu kushoto, kulia, alafu ya juu kwa mkono, na mwisho kabisa zile za nguvu na mpira wa kurudi. Hakuna kupiga za kichwa, helmeti ipo lakini hiyo sio sababu. Wale wengine wanaotaka kufyatua wapewe difenda ama waende kando. Na asimamishwe akiwa bado moto, kama amedaka tatu nne vizuri inatosha, mwalimu asiseme moja ya mwisho mpaka mtoto afungwe ndio atoke.

Kitu kingine mama, mdomo. Makipa wadogo hunyamaza sana, na saa zingine bao la dakika ya pili halina uhusiano na mkono, difenda hakujua mtu yuko nyuma yake. Kwa hizo shuti za mwisho aweke madifenda wawili mbele yake na aongee kwa sauti, kushoto, wangu, toa. Akisikia sauti yake mwenyewe kabla ya mechi, kwa mechi haitamtisha.

Na joto la Kisumu mnalijua, mechi ikiwa ya mchana apunguze kukimbia sio macho, akingoja avue helmeti akae kivulini, na maji anywe kidogo kidogo tangu asubuhi. Ule mkono kama bado umevimba upelekwe hospitali kwanza kabla ya haya yote.

SWALI: Kocha, sisi tukienda mechi za nje tunafika uwanja una watu, mechi ingine inaendelea, tunapewa goli dakika saba tu. Hayo yako yote tutayafanyia wapi? – Mwalimu wa michezo, Mumias

JIBU: Mulembe mwalimu. Fanyia nyuma ya basi. Ukiangalia vizuri, kukimbia, macho, padi na hatua za kando hakuna hata moja inahitaji goli. Kata kamba ya mita 3.66 ukae nayo kwa begi, weka mabegi mawili mwisho huku na huku, hilo ndio lango lako. Zile dakika saba ni za shuti tu, na za kipa kutazama jua liko wapi na mbele ya goli pana mashimo gani, kwa sababu viwanja vyetu vingi mpira unadunda vile unataka. Na kipa wako wa pili pia umpashe, usimwache kwa benchi baridi.

SWALI: Kakangu anaishi Canada na kijana wake wa miaka 11 ni kipa wa hoki ya barafu. Nikimpigia video siku ya mechi nakuta amepasua miguu pande zote sakafuni kwa muda mrefu, na juzi alisema kinena kinamuuma. Ni kawaida? – Shangazi, Nakuru

JIBU: Shangazi, umeuliza vizuri sana. Huo mchezo hata kwetu uko, timu ya Kenya Ice Lions imekuwa ikifanya mazoezi kwa barafu ya hoteli ya Panari kule Nairobi, na mwaka wa 2018 walienda Canada wakacheza pamoja na kina Sidney Crosby, nyota wa hoki ya barafu wa huko.

Lango la barafu ni dogo, upana mita 1.83 na kimo mita 1.22, kwa hivyo kipa hushuka magoti yakiwa pamoja na miguu ya chini imefunguka kando ili azibe chini kote. Anashuka hivyo mara nyingi sana kwa mechi moja, na nyonga ndio hulipa. Kwa watoto ambao mifupa bado inakua, madaktari wameona kichwa cha mfupa wa paja kikibadilika umbo kwa wachezaji wa hoki ya barafu, makipa hasa, na hapo maumivu ya kinena huanza. Kwa hivyo maumivu hayo sio kawaida, na dawa yake sio kupasua miguu zaidi. Daktari amuone kabla ya mechi ijayo, mwambie kakako hivyo.

Akiruhusiwa, kabla ya kuvaa akimbie kwa korido, abembeze miguu, azungushe nyonga polepole bila kulazimisha, kisha mpira wa tenisi ukutani kama huyu wa Kondele. Kwa barafu aanze kwa kuteleza huku na huku mbele ya lango, asimame na kusukuma tena, ashuke magoti mara chache tu. Shuti zianzie mbali na chini, na zile za kumlazimisha apasue miguu, kocha wao azikataze.