Wifi Yangu Ameomba Aongezewe Ndengu

Jumapili iliyopita wifi yangu alinisogezea sahani akasema, "Mama Neema, niongezee kidogo." Ndengu! Miaka 4 iliyopita, tulipohamia Kangemi, huyu huyu alifunua sufuria yangu mbele ya wageni akauliza, "Kwani hapa mnakula kama mbuzi?" Watu wakacheka. Nikaingia jikoni nikajifanya naosha vikombe. Sijasahau.

Lakini niseme kweli, chakula cha siku ile kilikuwa kibaya. Mfuko ulikuwa umetoboka, nyama tumeiacha, nami nikapika kama mtu aliyenyimwa. Nilichemsha ndengu, nikatia chumvi, nyanya na maji mengi, basi. Nyama ningeitafutia tangawizi, ningeikalia jikoni saa nzima. Hapo ndipo wengi wenu mnapokosea, hata mnaoniandikia kwamba watoto wamechoka na maharagwe. Hawajachoka na maharagwe. Wamechoka na mchuzi ule ule.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja muuza viungo kule Ngara. Alinifundisha kuanza na mafuta. Yakishapata moto, tupia kijiko cha jira ambazo hazijasagwa, ngoja zianze kupasuka na kunukia, ndipo utie vitunguu. Usiviache hadi vigeuke kahawia. Fuatisha saumu, tangawizi, manjano na nyanya, ukaange mpaka mafuta yajitenge. Ndengu zilizokwisha kuiva ndizo zinaingia mwisho. Ukiwahisha nyanya kwenye ndengu mbichi, ukali wake unazichelewesha kulainika.

Siku hizi Jumamosi nachemsha sufuria moja kubwa. Jioni hiyo nazipika kwa nazi: tui jepesi kwanza, tui zito mwishoni, moto mdogo lisikatike. Kesho yake natia viazi na hoho, tunakula na chapati. Zinazobaki naziponda na dania na unga kidogo, nakaanga viduara vya watoto kubeba shuleni. Kamande ni rahisi zaidi, hata kuloweka hazihitaji. Maharagwe mekundu loweka usiku kucha, mwaga yale maji, kisha yachemke kwa nguvu kabla hujapunguza moto, maana yasipoiva vizuri yanaumiza tumbo.

Managu nayo inataka subira. Naichambua, naichemsha, namwaga maji machungu, namimina maziwa na kuilaza hadi kesho. Ukiila siku hiyo hiyo umejipunja.

Na dada zangu, acheni kuomba msamaha mezani! Hiyo "leo hakuna nyama, mtatuvumilia" ndiyo inayoharibu chakula kabla hakijaonjwa. Pika kwa heshima, funua sufuria, nyamaza.

Wifi alipomaliza sahani ya pili aliniuliza viungo nanunua wapi. Nikamwelekeza Ngara, nikamfungia na jira kidogo kwenye karatasi aende nazo. Habari ya mbuzi sikuitaja, ingawa ulimi uliniwasha.