Barua kwa mwanangu: kuhusu Murong Chui na uasi wa Waxianbei

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako, ambamo unauliza iwapo Murong Chui, mwana wa ukoo wa kifalme wa Waxianbei, watu wa kuhamahama wa kaskazini mwa China, aliyepewa hifadhi na mfalme Fu Jian kisha akamwasi, si mfano halisi wa asante ya punda. Naona umemhukumu upesi mno.

Kumbuka kwamba Chui alikimbilia Chang'an, mji mkuu wa Fu Jian, mwaka 369 kwa sababu jamaa zake mwenyewe waliokuwa wakitawala Yan, dola la Waxianbei, walimwonea wivu kwa ushindi wake dhidi ya jeshi la Jin, dola la kusini mwa China. Mwaka uliofuata Fu Jian, mfalme wa Qin aliyetoka katika kabila la Di, aliiteka Yan, lakini hakuwatawanya watu wake. Aliwahamishia Waxianbei wengi karibu na mji mkuu wake, akawapa vyeo wakuu wa ukoo wa Murong, na mwaka 380 akawapeleka Wadi wenzake kulinda ngome za mbali. Mimi huona hapo ndipo penye kosa, kwani aliwaondoa waliokuwa nguzo yake na kubaki na watu walioendelea kuwatii machifu wao wa zamani.

Kwa hiyo, Fu Jian aliposhindwa na Jin katika Mto Fei mwaka 383, kila chifu alikuwa na jeshi lake tayari. La Chui halikuwa limeguswa. Mwanawe Murong Bao alimshawishi amuue mfalme aliyekuwa amejeruhiwa, naye akakataa kwa kukumbuka wema aliotendewa, akamrudishia askari. Mwaka 384 ndipo alipoanzisha Yan ya Baadaye upande wa mashariki, huku Waxianbei waliohamishwa wakiunda Yan ya Magharibi, wengi wao wakitaka tu kurudi kwao. Mwaka 385 Qifu Guoren naye alijitenga huko Gansu, akaanzisha dola ambalo sasa tunaliita Qin ya Magharibi.

Usidhani, hata hivyo, kwamba waliungana kwa kuwa ni Waxianbei. Chui aliiangamiza Yan ya Magharibi mwaka 394, ingawa ilitawaliwa na watu wa ukoo wake, na mwaka 395 jeshi aliloongoza Bao liliteketezwa huko Canhe na Tuoba Gui, Mxianbei mwingine, aliyekuwa amefufua dola la babu yake mwaka 386 na kuliita Wei. Huyu Gui ndiye ninayetaka umchunguze zaidi, kwa sababu alifanya jambo ambalo Fu Jian hakulifanya: aliyavunja makabila yaliyokuwa chini yake, akawagawia watu ardhi, akawakataza kuhamahama, na machifu wakaandikishwa kama raia wengine.

Baba yako